Nilifuta ujumbe, siku mbili baadaye mtoto akaugua

SWALI: Ustadh, asalaam alaykum. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Alhamisi mama mkwe wangu aliweka ujumbe kwenye grupu la familia. Unasema Sheikh Ahmad, mhudumu wa msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina, amemwota Mtume akimwambia kiama kimekaribia, na kila atakayeusoma autume kwa watu kumi. Akituma, atapata habari njema ndani ya siku tisa. Akiufuta, atafikwa na msiba. Mwisho umeandikwa: "Nakuapisha kwa jina la Allah, hii ni amana shingoni mwako." Mimi niliufuta. Jumamosi mwanangu wa miaka mitatu akashikwa na homa kali. Zahanati walimpima wakasema ni UTI, wakampa dawa. Jumapili usiku homa ikapanda tena, nikaingiwa na hofu, nikamwomba jirani anirushie ujumbe uleule, nikautuma kwa watu kumi. Jumatatu mchana mtoto akaanza kucheza. Sasa mama mkwe anasema nilichezea kiapo cha Allah, nifunge siku tatu za kafara. Na binti yangu wa darasa la tano alisikia mazungumzo yote, hataki tena kulala peke yake. Nina kosa gani, na nifanye nini? Picha ya ujumbe nimekuambatanishia.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Alhamdulillah mtoto ameinuka. Dawa aliyopewa mpe mpaka dozi iishe, hata ukimwona anakimbia uani, maana dozi ikikatwa katikati ugonjwa huweza kurudi.

Nianze na jibu lenyewe, usije ukasoma yote haya ukiwa bado na donge kooni. Kuufuta ule ujumbe hukukosea. Kafara huna, si ya siku tatu wala ya siku moja. Homa ya mtoto haikuletwa na kidole chako kwenye simu. Kama kuna jambo la kumwomba Allah msamaha, ni lile la Jumapili usiku, ulipowatumia watu kumi kitu usichokijua ukweli wake. Hilo nalo lina njia ya kulitengeneza, nitaifikia.

Ujumbe huo haukuanza wiki iliyopita, wala haukuanzia kwenye simu. Mwaka 1908, vita vya Maji Maji vikiwa vimezimwa juzi tu, barua ya namna hiyohiyo ilienea Lindi na pwani ya kusini, ikidaiwa imetoka kwa Sheikh Ahmad wa Madina: ameota, kiama ki karibu, watu watubu, anayeipata aifikishe kwa wengine. Wajerumani waliokuwa wakitawala walishikwa na wasiwasi wakidhani ni mwanzo wa uasi mwingine. Wanahistoria wanaiita Barua ya Makka. Huko Cairo, mwanzoni mwa karne ya 20, Sheikh Muhammad Rashid Rida aliulizwa kuhusu wasia huu katika jarida lake la al-Manar, akajibu kwamba amekuwa akiuona tangu yungali mtoto anajifunza kuandika. Baadaye Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia na kufariki mwaka 1999, aliandika waraka mzima kuukanusha. Katika waraka huo anasema baadhi ya jamaa za Sheikh Ahmad mwenyewe waliulizwa, wakajibu kwamba amezuliwa, hajawahi kusema maneno hayo, na kwamba alikwisha kufa zamani. Kwa hiyo mama mkwe wako ametumiwa ndoto ya wiki hii iliyootwa na mtu ambaye hayupo duniani, na ambaye jamaa zake wanasema hakuiota.

Sisi wa huku bara wengi tuliukuta kwenye karatasi za fotokopi. Ukifungua shubaka la misahafu msikitini, Kondoa au hapa mjini, unaikuta imekunjwa mara nne kati ya juzuu. Kiarabu chake kimetoka nusunusu kwa kuwa ni nakala ya nakala ya nakala, nukta za herufi zimefutika, na pembeni mtu ameongeza kwa kalamu ya bluu: "Mmoja alipuuza, akafa." Aliyeongeza hakujitaja jina, na huyo marehemu naye hana jina. Simu haikubadilisha kitu isipokuwa kasi.

Picha uliyonitumia nimeisoma neno kwa neno. Mstari wa saba unataja "Suratul Baqara, aya ya 300." Suratul Baqara ina aya 286, nayo ndiyo sura yenye aya nyingi kuliko zote katika Qur'ani. Hakuna aya ya 300 popote. Aliyeutunga hakujipa hata taabu ya kufungua msahafu, na watu mia ngapi sijui waliousambaza nao hawakufungua. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nyumba zetu zina msahafu juu ya kabati, umefunikwa kitambaa safi, na pembeni yake tunasoma uongo juu ya msahafu huohuo na kuuamini.

Sasa tuitazame ndoto, maana hapo ndipo watu wazuri wanaponaswa. Ipo hadithi sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) amesema: aliyemwona usingizini amemwona kweli, kwa kuwa shetani hawezi kujifananisha naye. Mtu akiisikia hadithi hii anahofia kwamba kuikataa ndoto ya Sheikh Ahmad ni kuikataa hadithi ya Mtume. Sivyo. Sisi hapa tulio wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, na Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu hayo, ameuliza suala hilihili. Ni usiku wa kuamkia siku ya 30 ya Shaabani, watu hawakuuona mwezi, kisha mtu mmoja akamwota Mtume akimwambia kesho ni Ramadhani. Je, wafunge? Nawawi anajibu: hapana. Yeye aliyeota hafungi kwa ndoto hiyo, na watu wengine hawafungi. Na hakumwita muotaji mwongo. Anachosema ni kwamba mtu aliyelala hana uhakika na anachokisikia wala hana hifadhi ya kukidhibiti, na sheria haipokewi kwa mtu wa hali hiyo. Ukichukua ndoto ya mtu mwema, unayemjua, anayeswali nawe safu moja, haikuwajibishi hata funga ya siku moja. Basi ndoto ya asiyejulikana, iliyopokewa na wasiojulikana, itakuwajibisha vipi wewe kutuma ujumbe kwa watu kumi? Allah amesema katika Suratul Maida, aya ya 3: "Leo nimekukamilishieni dini yenu." Dini iliyokamilika haisubiri nyongeza ya ndoto.

Kisha linganisha na Qur'ani yenyewe. Wasia wa Sheikh Ahmad katika nakala zake za zamani unasema anayeuandika, kama ni fakiri atatajirika, kama ana deni litalipwa, kama ana dhambi atasamehewa, na asiyeuandika uso wake utakuwa mweusi duniani na akhera. Sheikh bin Baz anauliza swali ambalo sijaona mtu akilijibu: Qur'ani tukufu, mtu akiinakili yote na kuipeleka toka nchi hadi nchi, hakuahidiwa hayo bila kuiamini na kuifuata. Itakuwaje karatasi ya uzushi ipewe daraja ambayo Kitabu cha Allah hakikupewa? Wanachuoni wa hadithi walikwisha kuliona hili zamani. Ibn al-Qayyim, alipotaja alama za hadithi za kubuni, aliweka hii miongoni mwazo: malipo makubwa kupita kiasi kwa kitendo kidogo. Ndiyo maana kila mwaka ukikaribia mwezi wa Ramadhani unaona ule mwingine, "Atakayekuwa wa kwanza kuwapa watu habari za Ramadhani, moto umeharamishwa kwake." Maneno hayo hayana asili katika vitabu vya hadithi. Mtu hufunga miaka arobaini akiwa na hofu kama imekubaliwa, halafu aokoke na moto kwa kubonyeza tu?

Wanaosambaza hutetea kwa hadithi ya Bukhari: "Fikisheni kutoka kwangu, japo aya moja." Kweli Mtume amesema hivyo. Lakini hadithi hiyo haikuishia hapo. Mwisho wake, katika mapokezi yaleyale ya Abdullah bin Amr, unasema: "Na mwenye kunizulia uongo kwa makusudi, basi na ajiandalie makazi yake motoni." Amri ya kufikisha na onyo la kuzua vimekaa katika kauli moja, na sisi tunasoma nusu ya kwanza tu. Wala usiseme hukuutunga wewe, uliupitisha tu. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea: "Inamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila alichosikia." Karibu na hapo akapokea kwamba anayemhadithia Mtume hadithi ambayo inaonekana ni uongo, naye ni mmoja wa waongo.

Najua mtu atasema: lakini nia ni njema, ujumbe unawaita watu kwenye swala. Jibu hili nalo ni la kale. Alikuwepo mtu akiitwa Maysara bin Abd Rabbih, akibuni hadithi za fadhila za kusoma sura fulani na fulani. Alipoulizwa amezitoa wapi, akakiri kwamba amezitunga ili kuwavutia watu. Maulamaa hawakumshukuru kwa nia. Walimwandika katika orodha ya wazushi, na yuko humo mpaka leo. Mtume wa Allah hahitaji msaada wa uongo wetu.

Twende kwenye kiapo, kwa kuwa ndicho kilichomfanya mama akutake ufunge. Mtu akikuambia "nakuapisha kwa Allah ufanye kadhaa," je, umefungika? Kumtimizia ni jambo zuri pale anapokuomba la halali na lisilokudhuru, maana Mtume (s.a.w.) aliwahimiza masahaba kutimiza kiapo cha mwenye kuapa. Lakini si wajibu, na dalili yake ni kisa chenye utamu wake. Sayyidna Abu Bakr (r.a.) alifasiri ndoto ya mtu mbele ya Mtume. Mtume akamwambia: umepatia sehemu na umekosea sehemu. Abu Bakr akasema: naapa kwa Allah, utaniambia nilipokosea. Mtume akamjibu: "Usiape." Wala hakumwambia. Imo kwa Bukhari na Muslim. Kama kiapo cha Abu Bakr, tena uso kwa uso, hakikumlazimisha mwambiwa, kiapo cha mtu asiye na jina ndani ya simu kinakulazimisha wewe kwa lipi?

Na kafara ya kiapo, iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 89, ni kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge siku tatu. Inamhusu mtu aliyeapa mwenyewe akavunja. Mafakihi wa Kishafi'i wamesema wazi: anayemwambia mwenzake "naapa kwa Allah utafanya," ikiwa amekusudia kiapo chake mwenyewe na mwenzake asifanye, kafara iko juu ya yule aliyeapa. Ikiwa alikuwa anaomba tu, hakuna kafara kwa yeyote. Wewe hujaapa neno.

Kuhusu "amana shingoni," amana ni kitu unachopokea kwa ridhaa yako. Mtu akija usiku akautupa mzigo wake ndani ya ua wako na kuondoka bila kubisha hodi, hajakukabidhi amana.

Nije sasa kwenye hofu, kwani naona ndiyo iliyokuandikisha barua hii. Waarabu wa jahiliya, yaani kabla ya Uislamu, walikuwa wakimrusha ndege. Akienda kulia wanasafiri, akienda kushoto wanarudi nyumbani. Sisi huku tuna bundi akilia juu ya paa usiku, na tuna muuza nyanya sokoni Majengo anayeamini kwamba mteja wa kwanza akiondoka bila kununua basi siku yote imeingia nuksi. Ujumbe wenye vitisho ni kitu kilekile kimevaa kanzu. Umechukua kitu ambacho Allah hakukifanya sababu, yaani kutuma au kutotuma, ukakifanya sababu ya kheri na shari. Mtume (s.a.w.) alisema: "Kuamini mikosi ni shirki," yaani kumshirikisha Allah, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Mas'ud. Wanachuoni wameeleza kwamba mtu anayeamini madhara yatoka kwa Allah ila akaufanya mkosi kuwa sababu, hiyo ni shirki ndogo. Anayeamini kitu hicho kinadhuru chenyewe kwa nguvu zake, hiyo ni kubwa, inamtoa mtu katika dini.

Usishtuke ukadhani nakuhukumu. Baada ya hadithi hiyo yapo maneno ambayo maulamaa wengi wanasema ni ya Ibn Mas'ud mwenyewe: "Wala hakuna miongoni mwetu ila humpata kitu, lakini Allah hukiondoa kwa kumtegemea Yeye." Ibn Mas'ud, sahaba mkubwa, anasema hakuna miongoni mwetu! Na Muawiya bin al-Hakam alipomwambia Mtume kuwa wapo kwao watu wanaoamini mikosi, Mtume akajibu: "Hicho ni kitu wanachokiona vifuani mwao, kisiwazuie." Imo kwa Muslim. Angalia alivyotenganisha. Mapigo ya moyo yaliyokujia Jumapili usiku, mtoto anachemka mikononi mwako, si dhambi. Hukuyaita. Jambo tunaloulizwa ni kile tunachofanya baada ya moyo kupiga. Na sikiliza ajabu ya suala la kafara: ipo riwaya aliyoipokea Imam Ahmad, kwamba mtu ambaye mkosi umemrudisha katika haja yake amefanya shirki, na masahaba walipouliza kafara yake ni nini, Mtume akawaambia waseme: "Allahumma la khayra illa khayruka, wala tayra illa tayruka, wala ilaha ghayruka." Ewe Mola, hakuna kheri ila kheri yako, hakuna kudra ya mikosi ila kudra yako, na hakuna mola asiyekuwa Wewe. Maana yake, kafara iliyopo katika mlango huu ni ya aliyeutii mkosi, si ya aliyeupuuza. Dua hiyo ndiyo yako, kwa ajili ya Jumapili. Funga za siku tatu ziache.

Sasa mbona mtoto alipona Jumatatu? Panga siku zako. Dawa ilianza Jumamosi. Dawa za UTI kwa watoto kwa kawaida huchukua siku moja au mbili, wakati mwingine tatu, kabla homa haijatulia, na homa nyingi hupanda jioni na usiku hata mgonjwa akiwa anaelekea kupona. Jumapili usiku ulikuwa ndani ya muda huo. Usingetuma, Jumatatu ingekuja na mtoto angecheza kwa idhini ya Allah. Ukitaka kuupima ujumbe wenyewe, fanya hesabu ndogo. Mtu mmoja akituma kwa kumi, na hao kumi kila mmoja kwa kumi, hatua ya sita inafikia watu 1,000,000, kuzidi wakazi wote wa Jiji la Dodoma. Katika halaiki hiyo, ndani ya siku tisa, lazima wapo watakaouguliwa, watakaofiwa, watakaopata kazi, watakaojifungua salama, watakaoibiwa bodaboda. Aliyefuta kisha akafiwa husimulia. Aliyefuta na hakupatwa na lolote huwa amekwisha kusahau kama alifuta. Hivyo ndivyo ile kalamu ya bluu ya pembeni mwa karatasi inavyopata wino. Kuhusu nani atadhurika na lini, soma Suratul Yunus, aya ya 107: "Na Allah akikugusisha dhara, basi hakuna wa kuiondoa ila Yeye, na akikutakia kheri, basi hakuna awezaye kurudisha fadhila zake." Msiba wa siku tisa zijazo ni ghaibu, jambo lililofichika, na ghaibu haijui yeyote mbinguni wala ardhini isipokuwa Allah, kama ilivyo katika Suratun Naml, aya ya 65.

Binti yako nampa nafasi yake, kwa sababu mtu mzima akitishwa na ujumbe huamua mwenyewe, mtoto hubaki nao gizani. Usimwambie "acha ujinga" wala usimcheke. Mkalishe, mfungulie msahafu mwisho wa Suratul Baqara, aone kwa macho yake namba 286, kisha mwonyeshe 300 kwenye simu. Mtoto wa darasa la tano anajua hesabu hiyo, na atakayegundua uongo kwa jicho lake hatauogopa tena. Baada ya hapo mfundishe maneno ambayo Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtoto mwenzake. Ibn Abbas alikuwa bado kijana mdogo, amepanda nyuma ya Mtume juu ya mnyama, akaambiwa: "Ewe kijana, nakufundisha maneno. Mhifadhi Allah, atakuhifadhi." Na ndani yake: jua kwamba umma wote ukikusanyika kukunufaisha kwa kitu, hawatakunufaisha ila kwa alichokuandikia Allah, na wakikusanyika kukudhuru, hawatakudhuru ila kwa alichokuandikia. Ameipokea Tirmidhi. Usiku alale pamoja na wewe siku mbili tatu, msome Ayatul Kursiy na Kul za mwisho, kama ilivyo sunna, si kwa kumkinga na ujumbe.

Mama mkwe ni mzazi. Usimjibu kwenye grupu mbele ya mawifi na wakwe wenza. Hata ukiwa na haki, utakuwa umemvunjia heshima, na ataushikilia ujumbe kwa ajili ya kulinda uso wake. Mtume alipotaka kukosoa alikuwa akisema, "Wana nini watu wanaofanya kadhaa?" bila kumtaja mtu. Nenda kwake, au mume wako aende, maana mama husikia zaidi kwa mwanawe. Mwanzo wa mazungumzo uwe kama hivi: "Shikamoo mama. Ule ujumbe uliotutumia nimeona ulikuwa unatutakia kheri. Nimemuuliza ustadh, akasema aya waliyoitaja haimo katika Qur'ani. Tufungue msahafu pamoja?" Kama hataridhika na mimi, mpeleke kwa imamu wa msikiti anaoswali yeye, amsikie mtu anayemwamini. Suala la kafara lisikugombanishe naye. Mwambie umeuliza na umejibiwa kuwa haikulazimu. Na akikuletea ujumbe mwingine kesho, ambao hauna vitisho ila una "hadithi", muulize taratibu: imepokewa na nani? Ukikosa jibu, usiutume. Aya ya 36 ya Suratul Israi inatosha hapo: "Wala usiyafuate usiyo na ujuzi nayo." Zile zenye kiungo cha "bonyeza upate zawadi ya Ramadhani" zifute bila kusoma, hizo ni za wezi wa pesa za simu.

Nimebakisha wale kumi. Toba katika jambo lililokwisha kuwafikia watu haikamiliki kwa istighfari ya moyoni pekee. Allah alipowataja wanaoficha elimu, aliwatoa "wale waliotubu, na wakasuluhisha, na wakabainisha," Suratul Baqara, aya ya 160. Tatu hizo kwa pamoja. Wewe umetubu, sasa suluhisha na ubainishe. Kama simu bado inakuruhusu kuufuta kwa wote, ufute. Kisha waandikie watu walewale kumi, mmoja mmoja: "Asalaam alaykum. Jumapili nilikutumia ujumbe wa ndoto ya Sheikh Ahmad. Nimeuliza, ni uzushi, na aya iliyotajwa haipo. Niliutuma kwa hofu ya mtoto. Naomba uufute, na kama uliutuma kwa wengine uwaambie. Usiogope kuufuta, haudhuru wala haunufaishi." Watumie hata kama mmoja wao ni mtu unayemwonea haya. Atakayekuuliza kama mtoto hajambo, mwambie hajambo, anamalizia dozi.

Wabillahi t-tawfiq.